Mwenye Nyumba ya Wageni
Dominika ya 15 ya Mwaka C
Masomo: Kum 30:10-14; Kol 1:15-20; Lk 10:25-37



Mfano wa Msamaria mwema tumeusikia tangu utotoni, hata wengi wetu twaweza kuusimulia bila kufungua kitabu. Twamjua kuhani aliyepita kando. Twamjua Mlawi aliyemfuata. Twamjua Msamaria aliyeshuka na kufunga majeraha. Lakini yuko mtu mmoja katika mfano huu ambaye ni mara chache sana tunamtaja. Ni mwenye nyumba ya wageni. Hana jina, wala Injili haitupi neno lake hata moja. Usiku ule aliletewa mgeni asiyejulikana, mwenye damu na vumbi, na kesho yake akapewa dinari mbili na ahadi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Basi alipewa ujira wa siku mbili, na mengine yote akayapokea kwa imani.

Leo napenda tumtazame mtu huyu. Na ili tumtazame vizuri, niruhusuni niwasimulie usiku mmoja niliolala vibaya.

Ilikuwa wakati wa mvua kubwa za El Niño, zile zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Wenye umri wanakumbuka jinsi mvua zile zilivyokata reli na kuharibu barabara. Nilikuwa nikisafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Singida, na siku zile barabara hiyo haikuwa na lami. Tulinasa katika tope mara tatu. Mara tatu tulishuka, wanaume tukasukuma, akina mama wakabeba watoto na mizigo. Saa nne ya usiku tuliingia katika mji mdogo kando ya barabara, na dereva akatangaza kwamba safari itaendelea alfajiri.

Abiria walikimbilia nyumba za kulala wageni kama watu wanaokimbilia maji. Gesti ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Katika ya tatu nilimkuta binti wa umri wa miaka kumi na sita hivi, ameketi mapokezini na kandili mbele yake. Akaniamkia kwa adabu, akasema kimebaki chumba kimoja. Akanipa daftari la wageni nijaze: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Nikaandika yote. Akaniambia, “Baba, nipe dakika chache nikutandikie.”

Ndugu zangu, wasafiri mtanielewa. Kitasa cha mlango kilikuwa kimeng'olewa, na badala yake pamefungwa kamba kwenye msumari. Chandarua kilikuwa na matundu ambayo mbu aliweza kupita bila kuinama. Godoro lilikuwa limezama katikati kama mtumbwi. Juu ya kitanda palikuwa na shuka moja tu, nyembamba, iliyotiwa kiraka. Paa lilivuja katika ndoo iliyowekwa pembeni, tone baada ya tone. Kandambili za kwendea chooni zilikuwa zote mbili za mguu wa kushoto. Nyuma ya ukuta palikuwa na baa, na muziki haukunyamaza mpaka saa nane. Muziki uliponyamaza, kunguni wakaanza kazi yao.

Nakiri mbele yenu kwamba usiku ule sikusali. Nilihesabu makosa ya nyumba ile moja baada ya jingine, kama mtu ahesabuye punje za rozari. Na kila nilipofika mwisho, nilianza upya.

Kulipopambazuka nilikuta mlangoni ndoo ya maji ya moto. Nikaoga, wala sikujiuliza ni nani aliyeamka kuwasha moto kwa kuni mbichi. Nikaenda mapokezini, na mbele ya wasafiri wengine nikamkaripia yule binti. Nilitaja kitasa, nikataja chandarua, nikataja kunguni. Mwisho nikasema: “Na shuka ile moja, chakavu, mnathubutuje kumtandikia mgeni anayelipa?”

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo: “Nisamehe, Baba. Shuka za nyumba nimezifua tangu juzi, na kwa mvua hii hazijakauka. Niliona umelowa, nikaona haifai ulale juu ya godoro tupu. Ile ni shuka yangu mwenyewe.”

Nikatazama nyuma yake. Palikuwa na benchi la mbao, na juu yake gunia lililokunjwa. Ndipo alipolala. Mimi nililala usiku mmoja pale nikajiona nimeonewa. Yeye alikuwa akilala pale kila usiku, na usiku ule alilala bila shuka kwa ajili yangu.

Nilimlipa, nikapanda basi. Sikumwomba radhi, haya ilinifunga mdomo, na haya isiyosema ni ndugu ya kiburi. Hata jina lake sikumwuliza, ingawa yeye alikuwa na jina langu daftarini mwake, na pembeni ya neno “kazi” nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: padre.

Katika Injili ya leo, aliyepita wa kwanza ni kuhani.

Wapendwa, laiti mambo yangeishia hapo. Lakini basi lilipokuwa likiyumba katika tope, nilikumbuka jambo jingine ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Parokiani kwetu tulikuwa na chumba cha wageni. Kilikuwa na vitanda viwili, magodoro mazuri, vyandarua vipya, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari ofisini mwangu. Majuma mawili kabla ya safari ile, mlinzi alikuja jioni akaniambia kwamba yuko mama langoni, ana mtoto mgonjwa, atokea kijijini kwenda hospitali, na gari limemwacha. Aliomba mahali pa kulala. Nilikuwa nikiandika hesabu za parokia. Siku chache baadaye Askofu alitazamiwa kuja kutoa Kipaimara, na masista walikuwa wameshatandika. Bila kuinua macho nilijibu: “Mwambie aende gesti.”

Niliporudi nyumbani nilimwita mlinzi, nikamwuliza yule mama alikwenda wapi. Alisita, kisha akasema: “Baba, hakuwa na fedha ya gesti. Alilala kibarazani pa kanisa. Nilimpa koti langu amfunike mtoto. Alfajiri aliondoka.” Sikupata kujua zaidi ya hapo. Sijui kama mtoto yule alipona. Nimemwekea nia katika Misa mara nyingi, lakini Misa haiurudishi usiku ule.

Tafakarini, ndugu zangu. Binti wa gesti alikuwa na shuka moja, akaitoa. Mlinzi alikuwa na koti moja, akalitoa. Hizo ndizo dinari mbili. Nami niliyekuwa na vitanda viwili vilivyotandikwa, nilitoa ushauri.

Somo la kwanza la leo latufundisha kwamba amri ya Mungu haiko mbinguni hata tuseme nani atapanda kutuletea, wala haiko ng'ambo ya bahari. Iko karibu. Kwangu mimi ilikuwa karibu sana: ilikuwa imening'inia kwenye msumari, juu ya meza yangu.

Sasa turudi katika mfano. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni mwendo wa kilometa zipatazo 27, na njia hushuka karibu mita 1000, kwa sababu Yerusalemu uko milimani na Yeriko uko bondeni, chini ya usawa wa bahari. Ni njia ya majabali na makorongo. Msafiri aliyechelewa hapo hakutafuta starehe. Alitafuta uhai wake. Luka, aliyeandika kwa Kigiriki, aiita nyumba ile ya wageni kwa neno lenye maana ya mahali panapopokea watu wote. Kwa hiyo Mababa wa Kanisa, kama Orijene na Mtakatifu Agostino, waliifananisha nyumba hiyo na Kanisa lenyewe. Kristo ndiye Msamaria. Mwanadamu aliyejeruhiwa ndiye sisi. Nasi tumeletwa katika nyumba isiyomkataa yeyote.

Lakini Luka huyo huyo, anaposimulia usiku wa Bethlehemu, atumia neno jingine kwa mahali pale ambapo Maria na Yosefu walikosa nafasi. Na neno hilo analirudia mara moja tu mbele, anapotaja chumba cha wageni ambamo Bwana alikula Pasaka na wanafunzi wake kabla ya kuteswa. Yeye aliyekosa chumba cha wageni siku ya kuzaliwa, aliomba chumba cha wageni siku iliyotangulia kufa kwake, na humo akatupa Mwili wake na Damu yake. Ekaristi yetu ilianza katika chumba cha wageni cha mtu aliyekubali kufungua mlango. Tutawezaje kuipokea Ekaristi, kisha tukawafungia wageni?

Wakristo wa kwanza walilielewa jambo hili. Nyumba za wageni za nyakati zile zilikuwa na sifa mbaya, kwa uchafu, wizi na uasherati. Kwa hiyo waamini walipokeana majumbani. Wala hawakuwa wajinga. Katika Didake, maandiko ya kale sana ya Kanisa, imeagizwa kwamba mgeni apitaye asaidiwe, akae siku mbili, au tatu ikilazimu. Na akitaka kuendelea kukaa, naye ana ufundi, basi afanye kazi ndipo ale. Je, hamkusikia jambo hilo mahali pengine? Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wale hawakuisoma Didake, lakini Roho wa Mungu hakuwaacha bila hekima. Na walisema tena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami ni shahidi: mgeni wa usiku ule nilikuwa mimi, nami ndimi niliyehitaji kuponywa.

Tena, maneno mawili tunayoyatumia kila siku, hoteli na hospitali, yana shina moja katika Kilatini, nalo ni neno la kumpokea mgeni. Hapo mwanzo ilikuwa kazi moja: kumpa mchovu kitanda na kumfunga mwenye jeraha. Sisi tumezitenganisha, na nyingine tumezigeuza kuwa biashara isiyo na uso.

Basi tufanye nini? Kwanza, kwako wewe msafiri. Una haki ya kulala mahali safi, na si dhambi kudai haki hiyo. Lakini madai yako yapeleke kwa mwenye mali, wala usimwage hasira yako juu ya mfanyakazi ambaye hakununua godoro lile wala hana uwezo wa kulibadili. Mwulize jina lake. Mshukuru kwa maji ya moto.

Pili, kwako wewe mwenye nyumba ya wageni, maana najua wengine mko Wakristo na mwanisikia. Kitasa kibovu ni mlango wa mwizi, na kwa mwanamke asafiriye peke yake ni hatari kubwa kuliko wizi. Chandarua kilichotoboka ni malaria. Na mhudumu asiyelipwa mshahara wake analia, na kilio chake kinafika mbali kuliko unavyodhani. Ukipokea fedha ya mgeni, umepokea dinari mbili za Msamaria: fanya kazi uliyolipwa.

Tatu, kwetu mapadre, makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Mtasema: Padre, siku hizi kuna matapeli. Ni kweli, wapo. Basi tuwe na utaratibu. Mkristo asafiriye achukue barua ya utambulisho kutoka kwa katekista wake. Jumuiya zipokezane zamu, ili mzigo usiilemee nyumba moja. Mgeni asiye na barua, mwite mwenyekiti wa mtaa au balozi ashuhudie, kisha umpokee. Lakini utaratibu uwe mlango, usiwe ukuta. Na kama parokiani kwenu kuna chumba kinachomngoja Askofu, nawaambieni, hakuna Askofu mwema atakayekasirika kusikia kwamba kitanda chake kililaliwa na mtoto mgonjwa.

Kwetu sisi ufunguo ule niliutoa ofisini, nikamkabidhi mlinzi mwenye koti. Nilimwambia: “Mzee, wewe unajua kazi hii kuliko mimi.”

Msamaria alipoondoka alimwahidi mwenye nyumba kwamba atakaporudi atamlipa kila alichogharimia zaidi. Wapendwa, Yeye anarudi. Siku hiyo daftari litafunguliwa, na mbele ya majina yetu hapataulizwa kabila wala kazi. Tutaulizwa tulimpokea nani, na nani tulimwacha kibarazani.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekosa nafasi katika nyumba zetu, utusamehe milango tuliyoifunga. Uwalinde wote walio safarini leo. Uwabariki wale wanaoamka kabla ya wengine kuwasha moto wa wageni, ambao majina yao hatukuyauliza, nawe unayajua. Utupe moyo wa kutoa shuka yetu moja. Uishiye na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.