Somo la Leo: Simu Ndiyo Iliyomponya?

Fungueni madaftari, maana leo tuna hesabu kidogo.

Siku hizi zipo programu za simu za mkononi zinazosemwa kuwa zinawasaidia watu wenye sonona, yaani ile huzuni nzito inayomkosesha mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kazi. Tuseme ndugu yako ametumia programu kama hiyo miezi mitatu, naye amepata nafuu. Je, ni simu iliyomsaidia? Usijibu upesi. Huenda huzuni ilikuwa ikipungua yenyewe, kama mafua yaishavyo.

Twende Amerika ya Kusini, kwenye miji ya São Paulo, nchini Brazili, na Lima, nchini Peru. Huko wataalamu walijaribu programu iitwayo CONEMO, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Wagonjwa wa São Paulo walikuwa 880, na wa Lima 432. Wote walikuwa na sonona, na juu yake shinikizo la damu au kisukari. Waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata masomo mafupi kwa simu kwa wiki 6, likisaidiwa na wahudumu wa afya. Fungu la pili lilipata huduma ya kliniki bila programu ile.

Nani aligawa? Kura. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa simu wale wenye nguvu kidogo, bila hata kukusudia. Kule São Paulo vituo vya afya ndivyo vilivyopigiwa kura, si mtu mmoja mmoja. Ni busara, kwani wagonjwa wa kituo kimoja hukutana kwenye foleni, wakaonyeshana simu.

Huzuni haina mizani wala kipimajoto. Hupimwa kwa maswali 9 juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama, kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla kubwa kabisa ni 27. Mgonjwa aliyekuwa na 16 akishuka hadi 8, alama zimepungua nusu, na hapo alihesabiwa kuwa amepata nafuu. Swali la 9 huuliza kama mtu amewaza kujidhuru. Aliyejibu ndiyo asingoje mwisho wa jaribio lolote; aonwe na mganga siku hiyo hiyo.

Sasa andikeni. Baada ya miezi 3, São Paulo, katika kila watu 100 wa fungu la simu, 41 hivi walipata nafuu. Fungu la pili, 29. Toa 29 katika 41: inabaki 12. Hao 12 ndio wa kuhesabiwa simu, wala si wote 41.

Wataalamu walipima tena mwezi wa 6. Tofauti ya mafungu ilikuwa imepungua, katika miji yote miwili, hata isiweze kutenganishwa na bahati tu.

Hesabu ya Lima, mwezi wa 3, nawaachieni ninyi: fungu la simu 53 katika 100, fungu la pili 34. Wa kuhesabiwa simu ni wangapi?