Bekapu Ikirudi, Je, Kufuli Zimerudi?

*Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na makatibu wa shule, viongozi wa vyama vya wakulima na wenye saiba*



Wengi wenu mmeshika taarifa za watu: karo na matokeo ya wanafunzi, malipo ya majani chai, fomu za basari, rekodi za zahanati. Tumehimizana sana kuweka bekapu, na sababu tunaijua. Stima hupotea, radi hupiga milima yetu, kompyuta huibwa. Leo nataka tuzungumzie siku ya kurudisha.

Faili haibebi maandishi peke yake. Kompyuta huweka pia kumbukumbu ya mwenye faili, nani anaruhusiwa kuisoma na nani kuibadilisha. Mifumo mingine huongeza sifa za ziada, kama alama ya usalama inayoonyesha ni programu gani iguse faili hiyo. Hizo ndizo kufuli. Bekapu yaweza kurudisha kila jina na kila shilingi, kufuli zikabaki nyuma.

Hutokeaje? Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32 au exFAT, ambao hauhifadhi ruhusa hizo. Kwenye Windows, faili ukiinakili kwa njia ya kawaida hufuata ruhusa za folda inakoingia. Kwenye Linux, programu ya rsync huhitaji kuambiwa: -a kwa ruhusa za kawaida, A kwa orodha za walioruhusiwa, X kwa sifa za ziada. Tena, mashine humtambua mwenye faili kwa namba. Kwenye kompyuta mpya, namba ya mhasibu huenda sasa ni ya mtu mwingine.

Chukueni mfano wa zahanati. Kompyuta imeungua, faili zimerudishwa jioni, kila mtu anashangilia. Asubuhi mhudumu wa kliniki hawezi kufungua rekodi, na foleni inafika langoni. Mtu anasema, "Fungulia wote, tutarekebisha baadaye." Foleni inakwisha. Lakini kuanzia saa hiyo, kijana wa mafunzo anaweza kusoma nani anatumia dawa za virusi vya Ukimwi. Katika kijiji ambamo kila mtu ni ndugu au jirani, siri ikitoka hairudi kwa bekapu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai mambo mawili kwa pamoja: taarifa zirejeshwe kwa wakati baada ya ajali, na zilindwe dhidi ya wasioruhusiwa. Mtu asiyeruhusiwa akizifikia na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, anayezisimamia ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data. Wenye taarifa nao wajulishwe.

Basi tufanye haya manne:

1. Andikeni kwenye karatasi nani anafungua folda gani. Karatasi hiyo isikae ndani ya kompyuta pekee.
2. Mwulizeni fundi wenu: bekapu yetu inabeba ruhusa na sifa za ziada? Mwambieni awaonyeshe.
3. Jaribuni kurudisha kwenye kompyuta nyingine kabla ya ajali. Kisha ingieni kwa akaunti ya mfanyakazi wa ngazi ya chini. Afungue anachopaswa kufungua, na kile asichopaswa kimkatalie.
4. Baada ya ajali ya kweli, fanyeni jaribio hilo kabla ya kuruhusu watu kuendelea na kazi. Foleni ya saa moja inavumilika.

Na wewe uliyeandika jina lako kwenye fomu, una haki kisheria ya kujua taarifa zako zinatumiwaje na kuomba kuziona. Uliza bila woga. Ukiona haki yako imevunjwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Sasa nakaribisha maswali.