Nguruwe Bandani, Choo Nyumbani

(Maneno yaliyotolewa kwenye semina ya kamati za sharika, Kibaha)



Wachungaji, wainjilisti, wajumbe wa kamati za sharika za Kibaha na Kisarawe, na ninyi wafadhili wetu, leo tunazungumza juu ya minyoo ya nguruwe. Mradi ukileta ada ya shule na ugonjwa katika nyumba hiyo hiyo, hatuwezi kuuita maendeleo.

Tuanze na nguruwe pori. Ninyi wa Kisarawe mnawajua: hutoka msituni usiku na kufukua mihogo. Marekani nguruwe mwitu ni wageni walioletwa wakaongezeka mno. Hapa kwetu nguruwe pori ni wenyeji. Anapouawa shambani, wapo wanaomwona kuwa kitoweo cha bure. Lakini mwaka 1959, katika miteremko ya Mlima Kenya, vijana waliokula nguruwe pori waliugua kutokana na minyoo iitwayo trikinela. Minyoo hiyo hukaa ndani ya misuli na haionekani kwa macho. Kuikausha nyama au kuibanika juu juu hakutoshi. Ipikwe hadi iive kabisa, isibaki wekundu ndani. Mabaki yake yasitupiwe nguruwe wa nyumbani, naye asije akaambukizwa.

Sasa tuje kwa nguruwe tunaowafuga, na mnyoo wao mkubwa, tegu. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai huanguliwa tumboni mwake, na katika nyama yake hutokea vifuko vyeupe mfano wa punje. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu tumboni.

Ndugu zangu, hapa wengi tunakosea. Tunadhani asiyekula nguruwe yu salama. Sivyo! Mayai hutoka kwa mtu mwenye tegu. Yakifika kwenye maji, mboga au mikono isiyonawiwa, na mtu mwingine akayameza, vifuko huota mwilini mwake, hata ndani ya ubongo, na huweza kuleta kifafa. Kwa hiyo jirani yetu Mwislamu, ambaye hajaonja nyama hiyo maisha yake yote, anaweza kuanguka kifafa kwa sababu sisi hatuna choo. Katika mkoa huu wa Pwani, tunaoishi ukuta kwa ukuta, jambo hilo lituguse.

Wala si hadithi ya mbali. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu, watafiti waliwapiga picha ya ubongo watu 212 wenye kifafa, na 38 walionekana na dalili za vifuko hivyo. Wangapi kati yao waliambiwa wamerogwa au wana pepo? Kamati ikimfahamu mwenye kifafa, imsindikize hospitali. Asipewe dawa ya tegu kiholela, maana vifuko vikifa ubongoni huweza kumzidishia degedege.

Nasi tuseme ukweli wetu. Miaka ya mwanzo tuligawa watoto wa nguruwe kabla hatujauliza habari za choo. Tulihesabu nguruwe tu, na taarifa zetu zikapendeza. Tulikosea.

Kuanzia sasa tunaomba tukubaliane hivi. Kaya isiyo na choo kinachotumika isipewe nguruwe. Banda lijengwe kwanza, na nguruwe wasizurure. Wachinjwe mbele ya mkaguzi wa nyama, na nyama yenye punje isiuzwe hata kama mfugaji analia. Mabwana mifugo wetu washauri juu ya dawa ya oksifendazo, inayoua vifuko katika nyama ya nguruwe.

Kwenu wafadhili: shimo la choo halipendezi katika picha kama mtoto wa nguruwe. Lakini mkitaka kujua fedha yenu imezaa nini, msituulize kwanza idadi ya nguruwe. Tuulizeni idadi ya vyoo.