Kilo za Mama Mjamzito: Hotuba ya Mwenyekiti, Sherehe ya Miaka Kumi



Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Sisi tuna neno moja juu ya uzito wa mjamzito, maana lilitugusa humu humu kikundini.

Mwaka wetu wa nne, mwenzetu mwenye mimba ya miezi saba alinenepa ghafla. Uso ukajaa, vidole vikavimba, pete ikagoma kutoka. Tukamsifu: mimba imekupenda, mama! Kumbe kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, naye kanyamaza. Siku ya kikao akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Tulichomoa fedha za mfuko wa jamii, tukakodi gari usiku. Mama alipona. Mtoto hatukumpata. Kilikuwa kifafa cha mimba, na sisi tulidhani ni unono.

Basi mabinti zetu, sikilizeni. Kuongezeka ni lazima, lakini taratibu. Mama mwenye uzito wa kawaida huongezeka kilo 11.5 hadi 16 mimba nzima. Aliyekonda anahitaji zaidi kidogo, na mnene pungufu ya hapo. Nesi atamweleza kila mmoja kiasi chake.

Wanaosema mjamzito ale chakula cha watu wawili wanakosea. Kuanzia mwezi wa nne ongeza mlo mmoja mdogo: maharage, dagaa, mchicha, yai. Na wale wanaojinyima ili mtoto awe mdogo atoke kirahisi, waache. Hata sisi wazee tulifanya hivyo, tukazaa watoto dhaifu. Mimba si wakati wa kujikondesha.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12. Kila ukienda, panda mizani na uone uzito umeandikwa kwenye kadi. Ukivimba uso na mikono ghafla, kichwa kikiuma sana au ukiona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Toka msiba ule, mjamzito akikosa kikao kwa ajili ya kliniki hatozwi faini, na nauli yake inatoka mfuko wa jamii. Nanyi akina baba mliokaa huko nyuma, mkeo akisema kichwa kinauma, usimwambie avumilie.

 Akina mama oyee!