Vipuri na Mabasi Visiwe vya Kwanza Kukatwa

Kila ifikapo mwezi wa Juni, Baraza la Wilaya ya Rusizi, kama yalivyo mabaraza mengine ya wilaya nchini Rwanda, hukutana kupitisha makisio ya mapato na matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka Serikali Kuu. Zinazobaki ni kodi na ushuru wa wilaya yenyewe, na katika mji wa mpakani kama Kamembe ushuru hupanda na kushuka kwa kadiri ya biashara na Bukavu. Mpaka ulipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wachuuzi wa Kamembe ndio waliotangulia kuona uchungu wake.

Mapato yanapopungua, wajumbe wa baraza lolote hutafuta pa kupunguza. Mishahara haiguswi kwa urahisi, na madeni yana wenyewe. Ndipo vifaa na usafiri hugeukiwa: greda lingoje mwakani, matairi mapya yasinunuliwe, njia ya basi isiyoleta faida ifutwe. Uamuzi wa namna hiyo hauleti kelele siku hiyo, kwa maana greda halina mdomo na basi bovu haliandamani.

Rwanda imekwisha kuliona jambo hili. Shirika la umma la usafiri, ONATRACOM, lililoanzishwa mwaka 1978, lilipewa kazi ya kufika mahali ambapo mwenye basi binafsi hakuona faida. Mabasi yake, mengi yakiwa yametoka Japani, yalipita barabara za vumbi za vijijini, na ya Cyangugu yalivuka msitu wa Nyungwe katika safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigali. Hapana shaka usimamizi wake ulikuwa na dosari kubwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliusema waziwazi, na haifai kuficha. Lakini yeyote aliyewahi kuingia karakana ya mabasi anajua mambo yaendavyo: gari linalokosa kipuri kimoja leo, kesho hufunguliwa vipuri vingine ili kuliponya jingine, na baada ya muda yote mawili hulala. ONATRACOM ilifungwa, na mwaka 2016 ikaundwa kampuni ya RITCO kushika nafasi yake.

Nako Dar es Salaam, shirika la UDA liliundwa mwaka 1974, miaka minne baada ya kampuni ya mabasi ya DMT kutaifishwa. Mabasi yalipopungua barabarani, Serikali ilibidi mwaka 1983 kuwaruhusu watu binafsi, na dala dala zikazaliwa. Ziliokoa jahazi, hilo ni kweli. Hata hivyo mwanafunzi mwenye nauli ndogo amekuwa akisukumwa mlangoni tangu siku hizo, kwa kuwa kondakta huhesabu shilingi, si masomo.

Rusizi ina sababu zake za kuwa na hadhari. Bugarama iko chini bondeni, penye joto, mpunga na kiwanda cha saruji, ilhali ofisi na soko kubwa viko juu Kamembe. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Mibilizi au ya Gihundwe hana muda wa kungoja basi lijae, na pikipiki katika milima ile, tena wakati wa mvua, si chombo cha mgonjwa. Mwezi Juni 2020, usafiri wa abiria ulipofunguliwa kati ya mikoa, Rusizi na Rubavu ziliachwa nje kwa sababu ya maradhi. Watu wa Rusizi kwa hiyo hawahitaji kuelezwa maana ya kukosa basi. Tena tangu Machi 2024, Serikali ilipoondoa ruzuku ya nauli iliyoanza mwaka 2020, abiria hubeba gharama yote peke yake.

Haidaiwi hapa kwamba wilaya ijinunulie mabasi isiyoweza kuyatunza. Hilo lingekuwa kosa lile lile kwa sura nyingine. Lakini barabara isiyopitiwa na greda hukimbiwa na mabasi, na matengenezo yanayoahirishwa mara mbili huwa ujenzi mpya. Kabla kifungu hicho hakijakatwa, wajumbe wa baraza wangeomba waonyeshwe jambo moja lisiloandikwa katika makisio: abiria wa njia ile watasafiri kwa chombo gani ifikapo Julai, na nauli itatoka mfukoni mwa nani.