Uvimbe wa Pafu kwa Mtoto Aliye Tumboni



Nitasema machache juu ya jambo linaloleta hofu kubwa: uvimbe unaoonekana katika pafu la mtoto angali tumboni. Huo si mkosi, wala si kosa la mama.

Kipimo cha ultrasaundi, ambacho Ian Donald wa Glasgow na wenzake walikitangaza mwaka 1958, hutumia mawimbi ya sauti, hakina mionzi. Uvimbe huonekana zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 22. Huweza kukua mpaka karibu wiki ya 28, kisha mara nyingi husimama au hupungua. Walio wengi huzaliwa salama. Hatari ni pale moyo unapobanwa na maji kujaa mwilini mwa mtoto. Hapo mama hupimwa mara kwa mara, na pengine huchomwa dawa ya kupunguza uvimbe.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mapema ndiyo dawa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Mama wa Nkome anayechelewa kliniki hupoteza muda wa kupanga mahali atakapojifungulia. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa. Safari ya kwenda Bugando, Mwanza, haingoji tena kivuko.

Nanyi vijana, mtakapokuwa waume, wasindikizeni wake zenu kliniki mapema.