Gharama za Ajali ya Nyuklia: Funzo kwa Watunza Daftari



Nimeombwa nizungumze juu ya ukadiriaji wa hasara. Mfano nilioutwaa ni wa mbali, lakini unawahusu wakulima wenzetu: ajali ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, nchini Japani, iliyoanza tarehe 11 Machi, 2011, baada ya tetemeko la ardhi na tsunami.

Mwishoni mwa mwaka huo, kamati ya serikali ilikadiria gharama kuwa yeni trilioni 5.8 kwa uchache. Mwaka 2013 makadirio yalikuwa trilioni 11. Mwaka 2016 yakafika trilioni 21.5, na mwaka 2023 trilioni 23.4. Je, wakadiriaji hawakujua hesabu? La hasha. Hasara nyingine huchelewa kuonekana, na isiyoonekana haiandikwi. Katika hesabu ya mwaka 2016, kuvunja mitambo kulitengewa trilioni 8, fidia 7.9, kusafisha ardhi 4, na kuhifadhi udongo uliochafuliwa 1.6.

Sasa tumtazame mkulima. Aliyekatazwa kuuza mazao yake, hasara yake ilikuwa wazi. Lakini yupo mwenzake ambaye mchele wake ulipimwa, ukaonekana safi, ukaruhusiwa sokoni. Tangu mwaka 2012 mchele wa mkoa ule ulipimwa mfuko kwa mfuko. Hata hivyo wanunuzi wengi waliliogopa jina la Fukushima, na bei ikashuka. Hiyo nayo ni hasara, ijapokuwa hakuna punje iliyoharibika, nayo ilikubaliwa kulipwa fidia.

Itapimwaje? Kwa kulinganisha bei ya baada ya ajali na ile ya kabla yake. Vyama vya ushirika vya wakulima vilikusanya madai ya wanachama na kuyawasilisha kwa pamoja. Na dai la namna hiyo husimama juu ya kumbukumbu za mauzo.

Ndugu Makatibu, maafa yetu ni ukame, mafuriko na wadudu, lakini kanuni ni ile ile. Msiharakishe kufunga hesabu ya hasara. Msisahau hasara ya bei. Na juu ya yote, andikeni mauzo ya kila mwanachama katika msimu wa neema, kwani ndiyo shahidi wake siku ya dhiki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.